Tanga la mashua lirekebishwe

Huenda msomaji akashangaa kuona mtu wa Mwingi, mahali ambapo mito huwa mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, akijitia katika mjadala wa matanga. Sioni ajabu. Pepo za kaskazi na kusi ziendeshazo vyombo vya pwani ndizo zile zile ambazo kupokezana kwake hutuletea mvua sisi wakulima wa mtama na ndengu. Isitoshe, pembe za ndovu za Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui aliyempokea mmishenari Krapf mwaka 1849, zilibebwa mabegani hadi pwani, na kutoka huko zikasafirishwa kwa nguvu ya tanga. Tena vijana wetu wengi wanafanya kazi pwani, nao hupanda mashua kama wengine.

Hoja yangu ni kwamba mashua zetu hazina njia rahisi ya kupunguza tanga upepo unapozidi, na upungufu huo unaweza kuondolewa kwa gharama ndogo.

Tanga letu hufungwa kwenye foromali ndefu, nayo foromali hupandishwa mlingotini kwa henza. Upepo ukichachamaa, desturi ni kuteremsha foromali, kulifungua tanga kubwa na kufunga dogo mahali pake. Alan Villiers, mwandishi Mwaustralia aliyesafiri katika jahazi la Wakuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na Rufiji mwaka 1938 na 1939, alikuta chombo kina matanga ya ukubwa mbalimbali. Ilikuwa desturi njema kwa jahazi lenye mabaharia wengi. Lakini mashua nyingi za leo zina watu wawili au watatu, na tanga moja tu, tena la viraka.

Mwaka 2017 nilikuwa abiria katika mashua ya namna hiyo kati ya Lamu na Manda. Upepo ulipotupiga ghafla, kijana aliyeshika demani aliilegeza, tanga likapigapiga kwa kishindo, na mwenzake akahangaika kuteremsha foromali ambayo ncha yake ilizama majini. Tulifika salama, tumelowa chapachapa. Simlaumu kijana yule, kwani hakuwa na la kufanya zaidi ya hilo. Kulegeza demani kwafaa kwa upepo wa dakika mbili. Kwa upepo wa saa nzima hakufai kitu.

Ieleweke pia kwamba upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Nahodha anayekwenda kwa raha katika upepo wa noti 10, ukifika noti 20 huwa amebeba mzigo mara nne kwa kitambaa kile kile. (Lugha yetu, kwa kuyaita matanga ya chombo na matanga ya msiba kwa neno moja, nadhani ilikwisha kutuonya.)

Vyombo vya kisasa vya matembezi vina safu mbili au tatu za vitundu katika tanga kuu. Henza hulegezwa kidogo, pete ya mbele ya safu hutiwa kwenye kulabu, kamba ya pete ya nyuma huvutwa mpaka kitambaa kikaze, kisha henza hukazwa tena. Kamba zikipitishwa katika makapi yasiyokwaruza hadi tezini, mtu mmoja hutosha. Wachina walitangulia zamani: tanga lao lina mianzi iliyolala, na henza ikilegezwa tu, kitambaa hujikunja chenyewe, pande baada ya pande. Merikebu zao zilifika Malindi katika safari ya 1417 hadi 1419, nasi hatukuchukua kitu. Mwingereza Hasler alilichukua tanga hilo, akavuka nalo Atlantiki peke yake mwaka 1960 katika chombo chake kidogo, Jester.

Sisemi tuache foromali yetu. Ninachopendekeza ni safu mbili za vitundu zishonwe juu ya ukingo wa chini wa tanga, kila safu ikiwa na pete imara katika ncha zake mbili. Foromali ishushwe kiasi, pembe ya mbele ifungwe kwa pete mpya, demani ya pili iliyokwisha kutiwa pete ya nyuma ivutwe, ndipo vikamba vikusanye kitambaa kilichobaki. Pete hizo zitiwe tabaka kadhaa za kitambaa, maana ndizo zibebazo mzigo. Fundi akiacha mzigo uangukie vikamba, tanga litachanika safu nzima. Faida ni mbili: kitambaa hupungua, na foromali, ikiwa chini zaidi, haiulazi mno mlingoti.

Najua wazee watasema tanga litapoteza umbo lake, na vijana watasema mashine ipo. Umbo hupotea kidogo, nakubali. Ama mashine, petroli huisha, na mara nyingi huisha siku ya tufani.

Basi wakaguzi wa KMA, mamlaka inayosimamia usafiri wa majini, wanapohesabu maboya waulize pia tanga linapunguzwaje. Na katika tamasha la utamaduni la Lamu, ambako mashua hushindana kwa mbio, uongezwe ushindani mmoja: nani hupunguza tanga upesi, muda upimwe kwa saa, chombo kikiwa mwendoni na mabaharia wakiwa wawili tu.