Ngoma Peke Yake Haitoshi

Wengi wetu tunaosoma hapa hatukuwa tumezaliwa mwaka 2000, lakini mwaka huo wafaa tuujue. Tarehe 29 Oktoba wananchi walipiga kura katika uchaguzi mkuu. Siku 40 baadaye, tarehe 8 Desemba, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Watu husema ya kuwa makabila ya huku hayapatani. Mimi nakataa. Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waparakuyo wamekuwa majirani tangu zamani. Mfugaji huuza maziwa, akarudi nyumbani na mahindi. Siku ya mnada waliovaa lubega na waliovaa khanga hununua mahali pamoja. Je, hao ni watu wasioweza kupatana?

Asili ya ugomvi ni ardhi na maji. Tangu enzi za wakoloni mashamba ya mkonge yalichukua ardhi kubwa. Mwaka 1964 Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ikawekwa katika mbuga ya Mkata. Watu na mifugo wakazidi, nafasi haikuzidi. Kiangazi kikiwa kikali, mfugaji hufuata majani mabichi bondeni, na huko ndiko mkulima alikopanda.

Wako wanaodhani ya kuwa tukicheza ngoma za kila kabila siku ya sikukuu, basi amani imepatikana. Ngoma ni njema, tena hutufundisha kuheshimiana. Lakini ngoma haionyeshi mpaka wa shamba, wala njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Mambo hayo hupangwa katika mkutano wa kijiji. Na wawili wakigombana, liko Baraza la Ardhi la Kijiji la kuwasuluhisha, ambalo kwa sheria ya mwaka 1999 lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa hiyo twawaomba wazazi wetu, wakulima kwa wafugaji, wahudhurie mikutano hiyo mapema, kabla mito haijakauka na hasira hazijapanda. Nasi wanafunzi tuache kulitaja kabila la mwenzetu kana kwamba ni kosa lake. Kesho sisi ndio tutakaokaa katika mabaraza hayo, na tulioketi dawati moja tusishindwe kuketi mkeka mmoja.