Ukurasa wa chakula kwenye taarifa ya mwalimu mkuu

Shule za msingi hufungwa mwanzoni mwa Desemba, na kabla ya kufungwa wazazi huitwa. Iwe Kilosa mjini, Kimamba, Dumila au Mikumi, kikao kinafanana: meza moja mbele, viti vichache, wazazi wengine chini ya mti, na mwalimu mkuu na karatasi zake. Anaanza na matokeo ya darasa la saba, maana Baraza la Mitihani huwa limeshayatangaza. Kisha nafasi ya shule kwenye kata. Hapo kila mtu yuko macho. Akifika kwenye mahudhurio, afya na chakula, simu zinaanza kutoka mifukoni.

Mimi naandika habari za afya, kwa hiyo ukurasa huo ndio ninaousubiri. Na mara nyingi ndio unaoeleza ile asilimia ya ufaulu iliyotufanya tupige makofi au tunung'unike. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kikombe cha chai ya rangi, akakaa mpaka saa tisa alasiri bila kitu tumboni, hawezi kushika hesabu za mchana. Anasinzia, anapata kichwa kuuma, anaomba ruhusa. Siku ya tatu anaona heri abaki nyumbani. Kwenye taarifa ataandikwa mtoro.

Ada ya shule ya msingi si tatizo tena, na Januari 2016 elimu bila malipo ilifikishwa mpaka kidato cha nne. Chakula hakikuwemo humo. Waraka wa Elimu namba 3 wa mwaka 2016 unakiweka chakula cha mwanafunzi wa kutwa upande wa mzazi. Fedha ya uendeshaji ambayo Serikali imepanga kwa shule za msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ina kazi zake: vifaa, mitihani, ukarabati mdogo. Hata ungeitoa yote jikoni, ukigawa kwa siku 194 za masomo unapata kama shilingi 50 kwa siku. Kwa hiyo mwalimu mkuu anapotugeukia na kusema "wazazi, tunaomba mahindi na maharage", hajabuni mradi wake.

Tupige hesabu ya jikoni. Mtoto mmoja akipewa gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kila siku ya masomo, kwa siku 194 anahitaji kama kilo 23 za mahindi na kilo 6 za maharage. Yaani debe moja na kidogo juu yake, pamoja na maharage ya kujaza mfuko mdogo. Mwenye watoto watatu anafika kilo 70 za mahindi. Hicho si kitu kidogo kwa nyumba ya mkulima, lakini si mlima pia, kama kitaombwa wakati wake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na shule nyingi. Desemba sio wakati wake.

Kilosa mavuno makubwa ya mahindi ni kuanzia Juni hadi Agosti, baada ya masika. Ifikapo Desemba gunia lililobaki ndani ndilo la kula na la mbegu, na aliyeishiwa ananunua kwa bei ambayo Julai asingeikubali. Kumwomba mzazi debe mwezi huo ni kumwomba akanunue. Wanaoweza wanatoa, wengine wanaahidi, na Januari shule inafunguliwa stoo ikiwa nusu tupu, miezi ileile ambayo majumbani nako kuna njaa. Ongeza mvua. Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukakata reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila. Familia iliyopoteza ghala kwa maji haina debe la kuchangia shule inapofunguliwa.

Mikumi ina sura nyingine. Wazazi wengi wa mjini hawalimi vya kutosha. Wanaishi kwa barabara kuu ya Iringa, kwa nyumba za wageni, mama lishe, bodaboda na maduka. Walio na mashamba jirani na hifadhi wanajua tembo hawasubiri mavuno. Mzazi wa namna hiyo ukimwambia alete debe Julai anakuona hujui maisha yake. Yeye anaweza kutoa kidogo kidogo kila mwezi, kamati ya shule ikanunua mahindi kwa pamoja mwezi wa bei nafuu.  Kinachotakiwa ni risiti na daftari ambalo mzazi yeyote anaweza kulifungua.

Mahindi ya Julai yana sharti moja, nalo ni la afya: yawe makavu. Mahindi yaliyoingizwa stoo na unyevu yanaota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, majirani zetu kabisa. Njia ya kupima ni rahisi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Punje zilizooza, zilizovunjika na zenye rangi ya ajabu zichaguliwe na kutupwa, wala kuku asipewe. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ni bora zaidi kama shule inaimudu.

Sasa lile linaloniuma. Kuna mahali mtoto ambaye nyumbani kwao hawajachangia anakaa pembeni wenzake wakila makande, au anarudishwa nyumbani. Waraka ule ule wa 2016 hauruhusu mtoto kufukuzwa shule kwa sababu ya mchango. Anayedaiwa ni mtu mzima, na mtu mzima ana njia nyingi za kulipa: kuni, maji, siku mbili kwenye shamba la shule, zamu ya kusaidia mpishi. Bibi anayelea wajukuu wanne peke yake aondolewe kwenye orodha bila kutangazwa mkutanoni.

Chakula hicho kinagusa hata dawa. Wilaya yetu ina kichocho, na watoto wanaoga na kucheza kwenye mito na mifereji ya mashamba. Timu ya kingatiba ikija na ile fimbo ya kupima urefu, vidonge vya kichocho hutakiwa kumezwa mtoto akiwa ameshakula. Akimeza tumbo likiwa tupu anaweza kupata kizunguzungu na kutapika, na jioni kijiji kizima kinaambiwa dawa ni mbaya. Mwaka unaofuata wazazi wanawaficha watoto. Uji wa saa nne ungetosha kuzuia yote hayo.

Kwa hiyo mwaka huu, mwalimu mkuu akifika ukurasa ule, rudisha simu mfukoni. Muulize magunia mangapi yaliingia na mangapi yalipikwa. Muulize watoto walikula siku ngapi kati ya zile 194, na darasa la awali walipata uji au walisahaulika. Muulize kama wasichana waliofika miaka 9 wamepata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, maana siku hizi ni dozi moja tu. Omba kikao cha kupanga chakula kiwekwe Julai, muhula wa pili ukianza, mahindi yakiwa bado uani. Na kabla hamjatawanyika, ulizeni ufunguo wa stoo unakaa kwa nani.