Mizani ya Misuli Nayo Ikaguliwe

Mfanyabiashara wa Soko la Majengo akikutwa na mizani ya hila, Wakala wa Vipimo humchukulia hatua, na wananchi huridhika. Lumbesa nayo imepigwa vita kwa msingi huo huo. Leo twapenda kuzungumzia mizani nyingine ambayo aghalabu haina mkaguzi: ile inayopima mkazo wa misuli ya mgonjwa wa kiharusi.

Maradhi haya si ya wageni. Uchunguzi uliofanyika kati ya 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Miongoni mwa wanaonusurika wamo wengi ambao mkono uliopooza huanza kukaza. Jamaa huuona umekaza wakadhani nguvu zinarudi. La hasha! Mkazo si nguvu.

Kipimo kinachotumika zaidi ulimwenguni ni cha Ashworth, kilichotolewa mwaka 1964 na kurekebishwa na Bohannon na Smith mwaka 1987. Mpimaji hukinyoosha kiungo cha mgonjwa aliyejilegeza, akausikia ukinzani kwa mikono yake, kisha akatoa alama kuanzia 0 hadi 4, na kati ya 1 na 2 ipo 1+. Hakihitaji umeme wala fedha za kigeni. Kwa nchi kama yetu hiyo ni neema.

Lakini mkono wa binadamu si jiwe la mizani. Bohannon na Smith walipopima viwiko vya wagonjwa 30, walikubaliana kwa wagonjwa 26. Tafiti za baadaye, hasa za miguu, zimeonyesha makubaliano hafifu zaidi. Sababu ni dhahiri: misuli hii hukaza zaidi ikivutwa kwa haraka, na maumivu, baridi, hata kibofu kilichojaa, huweza kuizidisha. Basi mgonjwa akipewa 2 mwezi huu, na mpimaji mwingine akampa 1+ mwezi ujao, je, ni dawa iliyofanya kazi au ni mkono uliobadilika? Jibu lake si dogo, kwani ndilo linaloamua baklofeni iongezwe au ipunguzwe; na baklofeni ikizidi humlegeza mtu hata akashindwa kusimama.

Kwa hiyo twazitaka hospitali za mkoa wetu, kutoka mjini hadi Kongwa na Mpwapwa, zikubaliane utaratibu mmoja. Mgonjwa alazwe vile vile kila mara, kiungo kinyooshwe kwa muda wa sekunde moja, marudio yawe machache, saa isibadilike, na mpimaji awe yule yule kila inapowezekana. Yote yaandikwe katika kadi, pamoja na jina la aliyepima. Tena, mara kwa mara wapimaji wawili wampime mgonjwa mmoja bila kuambiana alama, kisha wakae walinganishe mbele ya mkuu wao.