Mbwa Mzee Si Takataka

Nimechoka na ushauri ule ule: mbwa akizeeka, katupwe porini au atiliwe sumu. Wetu amelinda ua huu miaka 12. Leo nyonga zimekaza, na jirani aniuliza namlishia nini. Kwani mlinzi akistaafu hunyongwa?

Husema ni gharama. Gharama gani? Kinachomwangusha ni sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Nimetandika magunia kutoka mlangoni hadi penye bakuli lake, basi anatembea. Kucha ndefu humtelezesha, tunazikata. Asubuhi, viungo vikiwa vigumu zaidi, mke wangu humpitishia khanga kuukuu chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, akamwinua taratibu. Hiyo ndiyo gharama yenyewe.

Wanaonikera zaidi ni wenye huruma ya haraka, wanaomtupia mbwa kidonge chao wenyewe cha maumivu. Ibuprofen yaweza kumtia vidonda vya tumbo na kumharibu figo. Aulizwe daktari wa mifugo.

Siku atakayokataa chakula na kulia kila aguswapo, daktari huyo ataitwa na sindano yake. Hilo silipingi. Ninalopinga ni kuiharakisha siku hiyo kwa kuwa tu mbwa hawezi tena kumkimbiza mwizi.