Nyumba Nayo Hutafsiriwa

Upo ushamba uliovaa joho la usasa, nao umeshika kasi katika fukwe zetu. Mwenye mali hufunua kitabu cha picha, akaiona nyumba ya Kithai, paa lake limeinuka na ncha zake zimepinda mithili ya pembe. Papo hapo humwagiza msanifu amjengee mfano wake kando ya bahari. Baadaye pembe husimama juu ya zege, madirisha ya vioo hufungwa, na kiyoyozi hunguruma usiku na mchana. Kisha twaambiwa kwamba hapo mapokeo yamekutana na usasa. Nami nasema hakuna kilichokutana.

Mtauliza: mkazi wa Kintinku, huko Manyoni, ana neno gani na ufuo? Analo, maana kazi yake ni kufasiri, na nyumba nayo hutafsiriwa. Mfasiri anayehamisha herufi akaacha maana hutoa shairi lenye vina lisilo na roho.

Basi tuisome nyumba ya Kithai kama tusomavyo matini. Imeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu bonde la mto Chao Phraya hufurika msimu wa mvua. Maji hupita chini ya sakafu, na yakikauka watu hufuma, hufuga na huhifadhi vyombo vyao hapo. Paa ni la mwinamo mkali ili mvua iteremke upesi na hewa ya moto ipande juu. Kuta ni mbao zilizounganishwa kwa namna ya kuweza kufunguliwa na kuhamishwa. Ndivyo Mmarekani Jim Thompson alivyozikusanya nyumba kongwe sita akazifanya makazi yake mjini Bangkok mwaka 1959. Katikati pana jukwaa la wazi linalounganisha vyumba na ndugu. Pembe ni nukta tu mwishoni mwa sentensi hiyo ndefu. Wajenzi wetu wameichukua nukta, sentensi wameiacha.

Sikatai kuazima. Milango yenye tao na njumu za shaba ilitoka Bara Hindi, ikawa ya Mji Mkongwe kwa mikono ya maseremala wake. Vyumba vilikuwa vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake. Kuta nene za mawe na chokaa zilizuia joto. Baraza ilimpa mpita njia pa kukaa. Kila kipimo kilikuwa na sababu. Makuti nayo hudai mwinamo mkali kama paa la Kithai, kwa sababu ileile ya mvua. Mbona tunasafiri mbali kutafuta kilicho juu ya vichwa vyetu?

Nasema haya nikilitazama tembe. Wagogo walilijenga fupi, paa bapa la udongo juu ya magogo, kwa nchi ya mvua haba na jua kali. Tangu vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 limehesabiwa alama ya uduni, bati likatukuzwa. Na mchana wenye bati hukimbilia kivuli cha mti. Hivyo ndivyo watu wanavyofunzwa kuionea haya nyumba yao, kisha wakanunua ya wenzao kwa bei ghali.

Kibaya zaidi ni ukuta. Jukwaa la Kithai liliwakusanya watu, baraza ya Kiswahili iliwakaribisha. Nyumba hizi huzungushiwa ukuta hadi mchangani, na mkulima wa mwani aliyerithi njia ya kwenda pwani hulazimika kuzunguka.

Anayetaka kweli kujifunza kwa Wathai, na achukue nguzo, aache pembe. Na ainue sakafu, bamvua lipite chini, afungue kuta, kusi na kaskazi ziingie, aezeke makuti, amwite fundi chokaa kabla hajafa na ujuzi wake, na njia ya pwani awaachie wenyewe. Nyumba hiyo haitafanana na picha yoyote. Itafanana na mahali iliposimama.