Mtaalamu wa Nyasi na Chungu cha Wali

Mama wa Pwani hatoteleka mchele kabla ya kuuosha mpaka maji yaache weupe. Juma hili tumependa kuwasimulia habari za mtaalamu wa mimea, Andrew Meharg, ambaye utafiti wake ulianzia kwenye nyasi zisizoliwa na mtu ukafika kwenye maji hayo tunayoyamwaga.

Kusini-magharibi mwa Uingereza yapo machimbo ya kale yaliyoacha udongo uliojaa arseniki, sumu ambayo ikiwa ndani ya maji haina rangi, harufu wala ladha. Mimea mingi haistahimili udongo huo. Nyasi moja yenye majani laini kama mahameli, Holcus lanatus, humea papo hapo, na mwaka 1992 Meharg na mwenzake Mark Macnair walieleza siri yake. Arseniki iliyomo katika udongo mkavu hufanana mno na fosfeti, ambayo kila mmea huihitaji. Mzizi hudanganyika, ukaifungulia mlango. Nyasi za machimboni zimeupunguza nguvu mlango huo. Hupokea fosfeti polepole, na sumu nayo huingia kidogo.

Elimu hiyo ingeweza kubaki maktabani, lau si Bangladesh. Huko, tangu miaka ya 1970, vilichimbwa visima vya bomba kwa wingi ili watoto wasife kwa maradhi ya kuhara yatokanayo na maji ya madimbwi. Katika miaka ya 1990 ikabainika kwamba vingi vya visima hivyo vina arseniki itokayo ardhini kwenyewe. Ngozi za watu zilifanya mabaka na viganja vikawa vigumu. Wengine wakapata saratani. Walimwengu wakashughulika na maji ya kunywa. Meharg, aliyeijua mizizi, aliuliza juu ya maji yaleyale yanayomwagiliwa mashamba, na mwaka 2003 yeye na mwenzake wakaonyesha kwamba sumu hupanda kutoka shambani hadi kwenye punje ya mchele.

Mpunga una udhaifu wake. Shamba lililofurika maji hukosa hewa udongoni, na hapo arseniki hubadilika umbo ikafanana na silika, ambayo mpunga huifyonza kwa wingi ili kuimarisha bua. Mlango huo wa pili ulithibitishwa mwaka 2008 na Jian Feng Ma na wenzake wa Japani. Ndiyo maana mchele hubeba arseniki takriban mara 10 kuliko nafaka nyingine. Usiokobolewa hubeba zaidi kuliko mweupe, kwa kuwa sumu hukaa katika ganda la ndani. Basmati aghalabu huwa na kiasi kidogo.

Mwaka huohuo Meharg na wenzake walipima sampuli 17 za unga wa mchele wa watoto wachanga uliouzwa Uingereza. Zaidi ya theluthi zilivuka kiwango ambacho China ilikuwa imekiweka kisheria, na Ulaya wakati huo haikuwa na kiwango chake. Ilikuja kukiweka mwaka 2016: miligramu 0.2 kwa kilo ya mchele mweupe, na 0.1 kwa chakula cha mtoto. Kiwango cha mtoto wakati huo kiliwekwa nusu kwa kuwa yeye hula zaidi kwa kadiri ya uzito wake. Kwetu uji wa mchele ni chakula cha kwanza cha watoto wengi. Tunaona ni bora upishane na uji wa wimbi na wa mtama.

Na jikoni? Utafiti wa mwaka 2009, ambao Meharg alishiriki, ulionyesha kwamba kuosha basmati huondoa kama sehemu 1 ya 10 tu. Kupika kwa maji mengi, vipimo 6 kwa kipimo 1 cha mchele, kisha kuyamwaga, huondoa karibu nusu ya arseniki ile mbaya zaidi. Mwaka 2015, huko Belfast, alipika mchele ndani ya chombo cha kuchujia kahawa akaondoa hadi asilimia 85. Wauza kahawa wetu wangecheka. Haya yote ni kwa maji safi, maana maji yenye arseniki huiongeza.

Mpishi wa biriani, basi, huchuja mchele wake bila ya kuambiwa na mtu. Shida ni wali wa nazi, ambao hukaushwa, tena kumwaga maji mengi hupoteza baadhi ya vitamini na madini. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walijaribu njia ya kati: mchele huchemshwa dakika 5, maji yakamwagwa, kisha hutiwa maji mapya na kukaushwa kwa moto mdogo. Mchele mweupe ulipoteza asilimia 73 ya arseniki, na lishe nyingi ikabaki. Sisi tulitia tui mahali pa maji hayo ya pili, tukapunguza kipimo kidogo, na wali ulitoka punjepunje.