Ruzuku Ilipe Mwalimu, Si Jukwaa Pekee

Wafadhili wa muziki wa kale hupenda tamasha, kwa kuwa lina umati na picha, na huisha kabla hesabu za mwaka hazijafungwa. Lakini ganuni, ala yenye nyuzi zaidi ya sabini, haifunzwi kwa wiki moja. Taarabu ya Unguja yenyewe ilianzia kwenye gharama ya masomo: inasimuliwa kuwa Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze chombo hicho. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa 1905, ni zao la mbegu hiyo. Hata leo masomo hayo yanahitaji mlipaji: chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) cha Zanzibar, kilichofunguliwa 2002, kilikaribia kufungwa mwaka 2019 fedha za wafadhili zilipokatika, maana wanafunzi wengi hawakuimudu karo.

Atasema mtu: hospitali kwanza. Hoja hiyo ni nzito, ila mishahara ya walimu wachache haijengi hospitali, na fundi mkongwe akifariki bila mwanafunzi, hakuna bajeti itakayomrudisha. Wengine wanataka soko liamue. Soko la hotelini hununua jioni moja ya nyimbo zile zile. Halimlipi anayefundisha kijana miaka mitano. Zanzibar inawavuta watalii kwa utamaduni huu, basi sehemu ya mapato hayo iwalipe walimu na kununua nyuzi, kwa mkataba wa miaka, si wa msimu.